Tele, Afande

Walukuba, Jinja
3 Machi 2025

Mdogo wangu Conrad,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto na mbu. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo unajua niliyaacha kiwandani kwenye mashine za kufuma, baada ya miaka ishirini na sita ya kelele. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe kwenye simu unanong'ona kama mtu anayeungama kwa padri, na nikikuomba upaze sauti unasema mtandao mbaya. Ujumbe mfupi nao haunitoshi, kwa sababu nikianza tu kukugombeza nafasi imekwisha. Basi tutumie karatasi kama enzi za baba. Zubair, yule kondakta wa basi la Mbale, amekubali kubeba barua zetu, kwa sharti kwamba nimshonee zipu ya koti lake kila inapoharibika, na inaharibika kila mwezi.

Huku naendelea kushona pindo za sare za shule kwa Mama Sharda, dukani kwake mjini. Yule mama hasemi neno bila kulipima. Ukimuuliza kama kitambaa kinatosha, anajibu, "Mita nne na robo." Ukimuuliza ameamkaje, anajibu, "Jana goti moja, leo yote mawili." Nampenda kwa hilo. Majirani zangu wakiniona naandika Kiswahili wanadhani naandikia jeshi. Nimewaeleza kuwa ni lugha ya nyumbani kwetu, kwamba baba yetu alikuwa Msamia na mama Mteso, na sisi tulizaliwa kwenye nyumba za askari magereza ambako kila kabila lilikuwepo, sasa tungesema nini kingine? Hawaamini. Mmoja ameanza kuniita afande.

Wifi yangu Jovia hajambo? Na Racheal, masomo yanakwendaje?

Jambo lenyewe ni dogo, nauliza tu. Kile chumba changu kwenye nyumba ya baba, chenye dirisha linalotazama mlima, bado kipo? Hakuna haraka na hakuna sababu. Mtu akifika miaka sitini na moja huanza kuuliza mambo.

Dada yako,
Gorreti


Wanale, Mbale
29 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Barua imefika, imekunjwa mara nne na inanukia samaki wa abiria mwingine. Tunamshukuru Mungu, sote tunapumua. Huku Wanale mvua tele. Migomba imezaa tele, maharagwe tele, na kahawa ina maua tele. Racheal anasoma ualimu hapa mjini na kurudi nyumbani jioni, akili tele. Jovia anakusalimu sana. Biashara yake ya vitunguu sokoni inamchosha, lakini nguvu bado tele.

Kuhusu swali lako, nafasi tele, dada. Hilo si la kuuliza. Nyumba ya baba yetu haijawahi kukosa nafasi. Njoo siku yoyote unayotaka, ila utuarifu mapema, wiki tatu hivi, au nne, ili tufagie.

Mdogo wako,
Conrad


Walukuba
10 Aprili 2025

Conrad,

Salamu kwa wote. Zipu ya Zubair imekufa tena. Mama Sharda anaendelea vizuri, leo goti moja tu.

Nimehesabu. Katika barua isiyojaza hata ukurasa umeandika "tele" mara saba. Na wiki nne za kufagia chumba kimoja, ndugu yangu, huko mnafagia kwa kijiko?

Ngoja nikukumbushe neno hilo tulilitoa wapi, maana wewe ulikuwa mdogo. Baba alikuwa mtunza stoo ya magereza. Mkubwa wake alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Sajini, posho ipo?" Baba anabana visigino anajibu, "Tele, afande." Alijibu hivyo hata siku ambayo stoo ilikuwa na gunia moja na panya wawili. Nilimuuliza kwa nini hasemi idadi. Akaniambia, "Ukisema kumi, watu watakuja kuhesabu kumi. Tele haina mizani, kwa hiyo haina kesi." Ndivyo alivyomaliza utumishi wake bila kesi hata moja.

Halafu akalileta neno hilo nyumbani. Mgeni akipiga hodi wakati wa chakula, baba alikuwa akisema kwa sauti ya gwaride, "Karibu, chakula tele." Mama anaingia jikoni kimyakimya, anakuja nyuma yangu, na kipande cha nyama kinaondoka kwenye sahani yangu. Yangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Yako haikuguswa hata siku moja. Ndiyo maana wewe unalipenda neno hilo na mimi nikilisikia nafunika sahani kwa mkono.

Na wewe umelirithi kuliko ulivyorithi shamba. Kwenye harusi yako ulituandikia kwamba soda tele. Zilikuwa kreti tatu kwa watu mia mbili na arobaini, na katekista aligawana chupa moja na kwaya nzima. Siku ya kumzika baba ulisema muda tele, tukafika kanisani padri ameshavua mavazi yake. Uliniazima baiskeli ukasema ina breki tele. Kovu liko gotini mpaka leo, njoo ulione.

Kwa hiyo nimeamua. Mama Sharda amenipa futikamba mpya, nami nakutumia ile yangu ya zamani kwa mkono wa Zubair. Mwanzo wake umekatika, inaanzia inchi ya pili, kwa hiyo kila ukipima utoe mbili. Pima chumba changu, urefu na upana. Niandikie tarakimu. Neno lile nisilione.

Dada yako,
Gorreti


Wanale
26 Mei 2025

Dada yangu,

Usinihesabie kuchelewa. Zubair aliitembeza futikamba hadi Kampala na kurudi mara tatu kabla ya kukumbuka kuwa ni yangu. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa. Mvua inanyesha kwa wingi, na utaona sijatumia neno ulilolikataza.

Lakini niruhusu nilitetee kidogo. Lile neno si uongo, dada, ni adabu. Ukimwambia mgeni kuna wali vijiko kumi na viwili, atakula vipi? Atakuwa anahesabu huku anatafuna. Hapa sokoni Mbale muulize muuza nyanya hali ikoje, atakwambia tele, hata kama ameshika fungu la mwisho, maana mteja hasimami penye meza tupu. Mhubiri naye anasema neema tele, na sijawahi kusikia muumini akimuuliza ni madebe mangapi. Neno hilo linamfungulia mtu mlango. Yanayofuata tunayapanga akiwa ameshakaa.

Hata hivyo nimetii. Nimepima. Kitanda chetu na Jovia ni futi sita kwa nne na nusu. Ng'ombe, kutoka pembe hadi mkia, futi saba na inchi moja, ingawa ile inchi sina uhakika nayo kwa sababu alinipiga teke nikiwa naisoma. Mkungu mkubwa wa ndizi, futi tatu. Racheal, futi tano na inchi nne, amekua sana. Mlango wa mbele, futi sita na nusu. Mlango wa jikoni, futi tano na inchi nane, na mwezi huu nimegonga kichwa pale mara kumi na moja. Kutoka mlango wa mbele hadi getini ninaposimama kupuliza filimbi, futi ishirini na mbili. Upenyo wa ndani, wa kupita kati ya vyumba, upande huu wa blanketi, futi tano. Upande wa pili wa blanketi bado.

Chumba chako nacho nitakipima. Mvua ipungue kwanza.

Mdogo wako mtiifu,
Conrad

Shangazi, ni mimi Racheal. Baba amenipa barua niipeleke kwa Zubair na amesema nisiongeze kitu chochote. Basi siongezi kitu.


Walukuba
8 Juni 2025

Conrad,

Salamu. Sina habari mpya, ila jirani anayeniita afande sasa anapiga saluti.

Umenipimia ng'ombe. Sikuomba ng'ombe. Nimeisoma barua yako mara nne na kila nikiisoma inazidi kunichanganya. Mvua inanyesha ndani ya chumba, hata isubiriwe ipungue? Mtu mwenye mlango wa mbele wa futi sita na nusu anapitaje mlango wa jikoni mpaka agonge kichwa mara kumi na moja? Blanketi linafanya nini kwenye upenyo? Na filimbi ni ipi, ile ya baba ya magereza? Unampulizia nani filimbi kwenye nyumba yako mwenyewe?

Yale ya adabu nimeyasikia. Neema haihitaji kitanda, Conrad. Dada yako anahitaji. Namaanisha, siku akija kutembea.

Racheal, asante mwanangu. Ulichokiacha bila kukisema nimekielewa.

Na usije ukadhani naulizia chumba kwa sababu nina shida. Watu wanaoniomba nikae nao ni wengi. Mama Sharda peke yake ana ghorofa nzima juu ya duka. Mimi huku nafasi ni tele.

Neno hilo limeniponyoka, na nimeandika kwa kalamu ya wino. Liache.

Gorreti


Wanale
2 Agosti 2025

Dada Gorreti,

Natumaini joto la Jinja limepungua. Sisi tupo. Ndama anakua.

Nilitaka kukucheka kwa ajili ya lile neno. Nilikaa na barua yako mfukoni wiki nzima nikitafuta namna ya kukutania. Halafu Jumanne nilikwenda stendi kumpa Zubair vitunguu, nikamuuliza hali yako. Akasema, "Bwana Conrad, mi sipendi maneno ya watu. Lakini ile nyumba ya dada yako iko na X nyekundu kwa ukuta. Ya jirani wameshavunja. Na kitanda yake ameweka nje na bei juu yake."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimsahau hata Jovia sokoni.

Dada, kitanda? Kile cha mama? Tangu mwezi wa tatu unaniuliza habari za chumba "unauliza tu", na mimi nakuandikia habari za maharagwe. Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani kwako, mtu wa posta?

Usihangaike. Nafasi t

Nafasi ipo. Nipe muda kidogo nipange mambo. Kuhusu filimbi, ni mazoezi ya mapafu, daktari ndiye aliyeniambia.

Conrad


Walukuba
10 Agosti 2025

Conrad,

Zubair zipu yake ife na isipone. Simshonei tena.

Ndiyo, ni kweli. Mwenye nyumba ameuza kiwanja, na aliyenunua anataka kujenga ghorofa. Hakunidhulumu, alitupa notisi mapema, ila mapema nayo huisha. Natakiwa niwe nimetoka ifikapo tarehe thelathini Septemba. Kwa Mama Sharda chumba kilichopo juu ni futi nane kwa saba, na marobota ya kaki yamejaa hadi darini. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa sentimita, akiniangalia usoni, nami nikamshukuru. Kitanda cha mama hakijanunuliwa. Watu wanakigusa wanaondoka.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ningekuambia, ungesema tele. Ningefunga mizigo yangu, ningepanda basi, ningefika getini kwako, na hapo ndipo ningeona ni nani ameondolewa ili mimi nikae. Mimi najua mlo wa namna hiyo unaandaliwaje. Nimeuandaa miaka yote ya utoto wangu kwa sahani yangu mwenyewe. Sitaki kuula uzeeni.

Naogopa, Conrad. Basi, nimeandika.

Sijali kuhusu mazoezi ya mapafu. Hebu acha kunizungusha, nipe tarakimu. Kama ni sifuri, andika sifuri, ili nitafute pengine wakati bado kuna siku.

Gorreti


Wanale
24 Agosti 2025

Dada yangu,

Leo sianzi na mvua.

Chumbani kwako yumo mama mkwe wangu, Mama Namono. Yumo tangu Novemba ya mwaka jana, ule udongo uliposhuka kule juu mlimani ukachukua nyumba yake, jiko lake na mbuzi wanne. Jovia ni mtoto wake wa pekee. Alifika kwetu jioni akiwa na ndoo moja na Biblia, matope hadi kiunoni. Mimi nilikuwa shambani, nikajificha nyuma ya mgomba, maana unajua mila: mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawapiti mlango mmoja, seuze kulala chini ya bati moja. Nikamsikia anamuuliza Jovia, "Lakini nafasi iko?" Na kabla Jovia hajajibu, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukijibu kutoka nyuma ya mgomba, "Tele, mama."

Sauti ilikuwa ya baba kabisa. Nilikaribia kubana visigino.

Tangu siku hiyo naishi kwangu kama mfungwa, na mwenye kujifunga ni mimi. Mlango wa mbele ni wake, wa jikoni ni wangu. Kwenye upenyo tumetundika blanketi. Nikifika getini napuliza filimbi ya baba mara mbili ili apate nafasi ya kuingia ndani. Yeye akitaka kutoka, anagonga sufuria. Siku moja filimbi ilinipotea kwenye majani, tukakutana kwenye njia ya chooni. Kila mmoja aligeuka na kutazama ukuta wake, tukasimama hivyo robo saa nzima hadi Racheal alipokuja kututenganisha kwa kanga. Wanaume wa hapa hawajui kitu. Wakijua, hakuna atakayenipa mrija kwenye chungu cha pombe ya malwa. Wanadhani nafundisha ng'ombe kwa filimbi.

Hiyo ndiyo sababu sikupima. Siwezi kuingia. Sijakiona chumba chako kwa miezi tisa.

Jana amekipima Racheal, na Mama Namono ameshika ncha ya pili ya futikamba. Mimi nilisimama nje ya dirisha, nimewapa mgongo, nikiandika walichokuwa wananisomea. Ni futi kumi kwa tisa, na zile inchi mbili nimeshazitoa. Ndani kuna kitanda futi sita kwa tatu, meza ya cherehani ya Jovia, masanduku mawili, magunia matano ya vitunguu na kuku mmoja anayeatamia, ambaye Mama Namono hataki kusikia habari ya kumlaza nje. Ukiondoa vyote hivyo, mahali panapobaki ni futi tano na nusu kwa tatu. Kitanda cha mama hakiingii. Godoro linaingia. Wewe una futi tano na inchi tatu, alama ya penseli aliyokuwekea baba bado ipo kwenye fremu ya mlango, Racheal ameipima pia.

Na nikuambie yote. Anakoroma. Jirani aliwahi kuuliza, Jovia akamwambia tumenunua mashine ya kusaga. Hatujanunua mashine yoyote.

Nimefikiri sana juu ya sahani yako. Nilitaka kukuandikia kwamba nilikuwa sijui, lakini nadhani nilijua, nikaendelea kutafuna. Siku ile nyuma ya mgomba nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu. Niligawa chumba chako bila kukuuliza, nikajiona mkarimu, halafu miezi hii yote nikakuficha. Nyama imetoka kwenye sahani yako tena, dada, na safari hii niliyeitoa ni mimi. Nisamehe. Kumtoa yule mama siwezi. Hana pa kwenda, na kila asubuhi ananiachia uji kwenye dirisha la jikoni, umefunikwa, hata siku ambazo yeye hakunywa.

Umeomba tarakimu. Ni sifuri. Nafasi hakuna.

Njoo.

Mdogo wako,
Conrad


Walukuba
1 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Jovia, kwa Racheal, na kwa Mama Namono nyuma ya blanketi lake.

Barua yako niliisomea dukani nikiwa nimesimama, mpaka Mama Sharda akanishika bega akidhani kuna msiba. Nilimwonyesha mahali ulipoandika futi tano na nusu kwa tatu. Alivaa miwani, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Inatosha mtu mmoja, kama hageuki sana." Sigeuki sana.

Maisha yangu yote watu wa nyumba yetu wameniambia tele, na sikuwahi kuwaamini. Wewe ni wa kwanza kuniambia hakuna, na nimekuamini hapo hapo. Nililia kidogo. Halafu nikakasirika, maana miezi tisa ni mingi, na hasira hiyo nakuja nayo, utaipokea getini. Halafu nikaanza kufunga mizigo. Kitanda cha mama nimempa mwanamke wa nyumba ya tatu. Ana watoto watano na alikuwa amekuja kukigusa mara nne.

Mwambie Mama Namono akorome apendavyo. Masikio yangu yako kiwandani, na kiwanda chenyewe kilishafungwa. Labda Mungu alikuwa ananiandalia chumba hicho tangu siku nilipoajiriwa. Kuku naye abaki. Mwiko wako na mama mkwe haunihusu mimi, kwa hiyo nitaweza kukupelekea maneno yako kwake na kukuletea yake, ingawa yote nitakuwa nimeyasikia nusu, na mtajua wenyewe namna ya kuishi na hilo. Vitunguu vitatoka. Siwezi kulala na magunia matano ya vitunguu, watu watadhani nalia kila siku. Vitaenda upenyoni, upande wako wa blanketi.

Kuhusu sahani, nimekusamehe, lakini si bure. Utaanza kupita mlango wa mbele. Mimi na Mama Namono tutakuwa chumbani tunapiga soga zetu, nami nitajua saa yako ya kurudi, kwa hiyo filimbi ya baba uiweke kabatini na kichwa chako kipate kupona. Na chumba kile hakitoki kwenye sahani yangu safari hii. Nakigawa mwenyewe. Nusu yake nampa Mama Namono, na nitamwambia hivyo nikiwa namtazama usoni, kwa kuwa mimi naruhusiwa.

Nakuja Jumamosi hii, tarehe sita, kwa basi la Zubair. Nimeshamshonea zipu.

Ila upande wa dirisha ni wangu. Mwambie hilo leo, hata kama ni kutoka nyuma ya mgomba.

Dada yako,
Gorreti